Dada wa stoo amepinga ratiba

Leo kikao kimechelewa kwisha kwa sababu dada wa stoo ameikataa ratiba mpya ya kupokea mizigo. Amesimama, mikono ikaenda kasi, mkalimani wa lugha ya alama akatusomea: magari yote yakija asubuhi, nani atahakiki? Meneja alitaka tuendelee na ajenda nyingine. Yeye hakukaa. Nimefurahi sana.

Mwenzetu huyu ni kiziwi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, na ofisi yetu hapa Dar ikatimiza. Naishukuru sheria hiyo. Lakini hiyo asilimia peke yake haisemi chochote juu ya mtu anavyoishi humo ndani akishaajiriwa. Kwa muda mrefu alikaa mwisho wa meza akitusoma midomo, na sisi tunaongea watatu kwa mpigo, mmoja kageukia ubao, mwingine kaziba mdomo kwa kiganja. Tukicheka, naye anatabasamu, amechelewa kidogo. Akiuliza kulikoni, anajibiwa, "Achana nayo, si kitu." Jibu hilo huwa linaniuma. Muhtasari ukimfikia, maamuzi yameshapita.

Tulichobadilisha hakina gharama kubwa. Ajenda inatumwa WhatsApp siku moja kabla. Anayetaka kusema ananyoosha mkono, wala hasimami dirisha likiwa nyuma yake, maana uso unakuwa giza na midomo haisomeki. Mkalimani anakuja vikao vya maamuzi. Na vijana wa mafunzo kwa vitendo, ambao zamani hawakupata hata upenyo mbele ya wakubwa, sasa wanasema.

Baada ya kikao nimesikia mtu akimwita dada wa stoo mkaidi. Msimamizi wa magari hupinga kila wiki, naye tunamwita mzoefu! Kama tulimtaka kikaoni, tulimtaka pamoja na hoja zake.

Chai ya saa nne bado ni tatizo. Pale hakuna mkalimani, na habari nyingi za kazi zinapita palepale kwenye vitumbua. Wachache tumeanza kujifunza alama: salamu, mzigo, kesho. Utani bado hatujauweza.

Mkataba wa mkalimani unaisha Juni, bajeti inapofungwa. Ijumaa napeleka ombi uongozini, na dada wa stoo amekubali kwenda kulieleza mwenyewe.