COP hiyo imepimwa wapi? Kusoma na kupima hita ya pampu ya joto ukiwa Mwanza

Karatasi ya hita ya maji yenye pampu ya joto, ile wanayoonyeshwa wenye gesti na lodge za huku Mwanza, huwa na namba moja kubwa: COP 3.8, COP 4.2, wakati mwingine hata 5. Maana yake ni kwamba kwa kila uniti moja ya umeme, maji yanapata joto la uniti 3.8, 4.2 au 5. Mashine haitengenezi joto hilo, inalivuta hewani na kulisukumia majini, kazi ileile ya friji ila faida inachukuliwa upande wa pili. Fizikia yake haina ubishi. Ninachopinga ni namba kuandikwa peke yake. COP isiyotaja joto la hewa, joto la maji yanayoingia na joto la maji yanayotoka ni sawa na kuambiwa gari linakwenda kilomita 20 kwa lita bila kuambiwa kwamba lilikuwa linateremka Sekenke.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kutafuta ni maandishi madogo. Ukikuta A20/W15-55, hewa ya kipimo ilikuwa nyuzi 20, maji yaliingia na 15 na kupashwa hadi 55. Ulaya wanatumia kanuni ya EN 16147, ambapo maji huingia na nyuzi 10 na kuchotwa kwa ratiba inayoiga familia. Marekani wana kipimo chao cha ufanisi, UEF: hewa nyuzi 19.7, unyevu asilimia 50, maji yanaingia na 14.4, tenki limewekwa 51.7, na kipimo kinachukua saa 24 nzima. Katika ratiba yao ya kati huchotwa galoni 55, yaani lita 208 hivi. Kwa kuwa saa 24 hizo zinajumuisha joto linalopotea tenki likiwa limetulia, UEF ya mashine itakuwa chini ya COP yake ya kupasha tu kwa masharti yaleyale. Muuzaji akilinganisha UEF ya mashine moja na COP ya nyingine, mkatalie.

Sasa tuje huku kwetu. Maji ya bomba la Mwanza yanatoka ziwani, na maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa kati ya nyuzi 24 na 27. Chukua 25. Kupasha lita 200 kutoka 25 hadi 55 kunahitaji uniti 7 za joto. Kupasha lita hizohizo kwa masharti ya Marekani, kutoka 14.4 hadi 51.7, kunahitaji 8.7. Kazi imepungua kwa asilimia 20 kabla hujagusa swichi, na hewa yetu ya joto inaipa pampu nafuu nyingine juu yake. Mashine iliyofungwa vizuri Mwanza haina sababu ya kuwa mbali na namba yake ya maabara. Ikiwa chini yake sana, kosa mara nyingi liko kwenye ufungaji. Kuna mapunguzo mawili madogo ya kweli: maji yakiingia na joto zaidi COP yenyewe hushuka kidogo, na tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10, hivyo kilo za hewa zinazopitishwa na feni ileile zinapungua. Na sifa ya kuyeyusha barafu inayoganda kwenye mashine, ambayo katalogi nyingi huipigia debe, haikuhusu. Usiilipie.

Mambo huwa magumu zaidi kwa mashine zisizo za kawaida, ambazo kanuni haikuzifikiria ilipoandikwa. Mfano mzuri ni kiyoyozi cha magurudumu chenye bomba moja. Kinavuta hewa ya chumbani, kinaipasha kwenye kondensa (koili ya kutolea joto) na kuitupa nje kwa bomba. Hewa hiyo lazima ifidiwe, na itafidiwa na hewa ya nje inayopenya chini ya mlango na kwenye nyufa za dirisha. Tuseme kinatupa nje mita za ujazo 400 kwa saa, nje ni nyuzi 29 na ndani 24. Hewa inayoingia inaleta joto la wati 570 hivi, takribani BTU 2,000 kwa saa, na hapo unyevunyevu wake bado hujauhesabu. Vipimo vya zamani havikuhesabu upenyo huo hata kidogo. Mwaka 2016 Idara ya Nishati ya Marekani ilitoa kanuni inayouhesabu, na mashine iliyokuwa ikiuzwa kama BTU 14,000 ikajikuta ina 8,000 hadi 10,000. Mashine haikubadilika hata skrubu moja. Ni swali lililobadilika. Kanuni hiyo inapima nje ikiwa nyuzi 35 na ikiwa 28.3, kisha inaipa 28.3 uzito wa asilimia 80. Kwetu hiyo ni bahati, maana 28.3 ndiyo mchana wa kawaida wa Mwanza. Kwenye boksi lenye namba mbili za BTU, shika ile ndogo.

Wamarekani pia wana utaratibu ambao ningependa mnunuzi yeyote wa mashine ngeni aujue. Mtengenezaji ambaye mashine yake haiwezi kupimwa kwa kanuni iliyopo, au ikipimwa inatoa jibu lisilofanana na matumizi halisi, anaomba ruhusa ya kutofuata kipimo hicho. Anataja modeli husika, anaeleza kanuni inakwama wapi, anapendekeza kipimo mbadala, ombi linachapishwa na watu wanatoa maoni. Akikubaliwa, analazimika kutumia kipimo mbadala kila anapotangaza ufanisi wa modeli hizo. Viyoyozi vya magurudumu vyenye inveta, yaani kompresa inayobadilisha kasi, vilipitia njia hii, kwa sababu kanuni ilidhani kompresa ina kasi moja tu. Kwa hiyo mashine kuwa ya ajabu si kisingizio cha kukosa kipimo. Muulize muuzaji: imepimwa kwa kanuni gani, na kama ni mbadala, mbadala upi? Akijibu kwamba teknolojia yake ni mpya mno kupimika, hapo hakuna biashara.

Inveta zenyewe zina jambo lao. Katika vipimo vingi vya maabara, kasi ya kompresa hufungwa kwa amri maalumu ya mtengenezaji. Nyumbani hakuna anayeifunga; kompyuta ya mashine ndiyo inaamua, na inaweza kuamua vibaya. Kanada wametengeneza kipimo, SPE-07, kinachoiacha mashine ijiendeshe yenyewe dhidi ya mzigo wa joto unaobadilika. Naona ndiyo njia ya haki zaidi.

Kuna na wenye lodge za ufukweni wanaotaka kupooza vyumba kwa pampu inayotupa joto kwenye maji ya ziwa. Kwa mashine hizo angalia kanuni ya ISO 13256-1, ambayo toleo lake la 1998 kwa upoozaji lina masharti matatu ya maji yanayoingia: nyuzi 15 kwa maji ya kisima, 25 kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini, 30 kwa mzunguko wa jengo. Ziwa letu linakaa karibu na ile ya 25, lakini wauzaji hupenda kuonyesha ya 15 kwa kuwa ndiyo nzuri. Na maabara haina mwani, konokono wala magugu maji. Bila chujio linalosafishika na kibadilisha joto kinachofunguka, COP itaporomoka polepole bila wewe kuona. Kabla ya kuchota maji, pita kwanza Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria kuulizia kibali.

Sasa kipimo unachoweza kufanya mwenyewe kwa hita ya tenki. Unahitaji kipimajoto cha dijitali, ndoo ya lita 20, mizani, na sabmita (mita ndogo ya ziada) kwenye waya wa hita peke yake. Ukikosa sabmita, zima kila kitu kingine na uhesabu mipepeso ya taa ya mita ya LUKU. Mita nyingi hupepesa mara 1,000 kwa uniti, lakini soma usoni pa mita yako kwanza. Kipimajoto kijaribu kwenye maji yenye barafu, kisome 0, kisha kwenye maji yanayochemka. Hapa Mwanza kinatakiwa kisome 96 hivi. Kikisoma 100 kamili, kinadanganya, kwa sababu ya mwinuko wetu. Ndoo nayo usiiamini mstari wake: ipime tupu, kisha weka kilo 20 za maji na uchore alama yako.

Fanya kazi alfajiri. Tenki jeusi lililoko juu ya paa huivisha maji jua likipanda, na joto la kuingia likibadilika katikati ya kipimo hesabu inaharibika. Zima breka ya koili ya umeme ya akiba iliyo ndani ya tenki, au chagua hali ya pampu pekee. Fungulia bomba la moto, hita ikiwa imezimwa, mpaka maji yanayotoka yawe na joto sawa na yanayoingia. Andika joto hilo na namba ya sabmita. Washa, weka 55, asitumie mtu maji mpaka kompresa izime yenyewe. Andika tena sabmita, zima hita, kisha chota ndoo moja moja. Kipimajoto kiwe kwenye mkondo wa maji. Ukipima kwenye ndoo iliyokaa joto limeshakimbia. Endelea mpaka maji yakaribie joto la kuingia. Kwa kila ndoo zidisha lita kwa tofauti ya nyuzi, kisha kwa 1.163. Jibu ni wati-saa.

Tuseme maji yaliingia na 25. Ndoo saba zilitoka na wastani wa 54, mbili na 50, moja na 40, ya mwisho na 31. Ukijumlisha lita mara nyuzi unapata 5,480, mara 1.163 ni wati-saa 6,373, yaani uniti 6.4 za joto. Sabmita ikiwa imekula 1.9, COP ni 3.35. Kwa hali ya hewa yetu hilo ni jibu la mashine isiyo na hitilafu. Kesho yake iache imejaa na imewashwa saa 24 bila kuguswa, usome ilichokula. Hicho ndicho unacholipia gesti ikiwa haina wageni.

Ukipata karibu na 1, koili inafanya kazi na kompresa imelala, au uliisahau breka. Kati ya 1.5 na 2.5, anza na hewa. Watengenezaji wengi huomba chumba cha mita za ujazo 20 hivi au zaidi. Stoo ya chini ya ngazi ya mita 1.5 kwa 2, urefu 2.4, ina 7.2 tu. Mashine inapuliza hewa baridi na kuivuta tena hiyohiyo. Weka mlango wa luva au bomba la kutoa hewa baridi nje. Pima hewa inayoingia na inayotoka: tofauti ya nyuzi 5 hadi 10 ni ya kawaida. Ikizidi 12, hewa haipiti. Huku ziwani mchawi mara nyingi ni wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi na kufuata taa. Wananaswa kwenye mapezi ya ivaporeta (koili inayovuta joto hewani) na kukauka humo. Osha kwa brashi laini na maji ya msukumo mdogo, kufuata mlalo wa mapezi. Presha ya kuoshea magari inayalaza.

Tofauti ikiwa nyuzi 1 au 2 tu huku feni inazunguka vizuri, shuku gesi au kompresa. Pima volti kwanza wakati mzigo umewashwa, maana kompresa inayopata 180 haiwezi kulaumiwa. Ni gesi? Fundi atafute panapovuja kabla ya kujaza, kisha ajaze kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine. Kwa R290, yaani propani, kujaza kwa kukisia ni hatari, kwani gesi hiyo inawaka: madirisha wazi, umeme umekatwa, na hakuna jiko karibu.