Nilivyoibembeleza fonti ya pembetatu

Wanaokuambia "chagua fonti kali, kazi imeisha" hawajawahi kuandika MAARIFA kwa fonti ya maumbo, ile ambayo A ni pembetatu isiyo na kijiti cha katikati. Kwenye sampuli ilipendeza kwa sababu maneno yalikuwa ya Kiingereza. Kiswahili kinapenda A. Kichwa cha bango langu la maonyesho ya vitabu kikageuka safu ya mahema.

Nikashauriwa niongeze nafasi kati ya herufi zote, neno lipumue. Nikaongeza. M ikaenda zake, A mbili zikasusiana, na chini ya mkono wa F pakafunguka shimo la kuegesha lori. Mshauri akasisitiza niongeze tena! Sasa ukisimama mbali unasoma MA, kisha ARIF, kisha A iliyoachwa na wenzake. Nafasi hazikuwa chache, zilikuwa hazilingani, na ukiziongezea zote kwa kipimo kimoja hazitalingana milele.

Nikalipindua bango juu chini. Jicho likishindwa kusoma neno, linabaki na maumbo na mapengo tu. A ya mwisho nikaisukuma chini ya mkono wa F, R na I nikazipa nafasi kidogo. Hapo ndipo nikaona: A mbili zikigusana miguu, pengo lililo kati yake ni kitabu kilichofunguliwa. Nikachora humo mistari michache ya kurasa, nikafuta picha ya kitabu niliyokuwa nimeibana pembeni. Najisifu, ndiyo. Mbunifu Mmarekani Herb Lubalin aliegemeza A na V kwenye nembo ya jarida la Avant Garde, lililoanza kutoka mwaka 1968, na hadi leo anatajwa. A ya mwisho nikaitafutia umbo mbadala lenye kijiti, msomaji asidhani ni Kigiriki.

Ncha za A nazo pandisha kiduchu juu ya mstari, la sivyo zitaonekana fupi kuliko herufi za jirani. Hata Futura, fonti ya Mjerumani Paul Renner ya 1927, inayodhaniwa ni bikari na rula tupu, imefanyiwa hivyo.

Mteja akataka na maelezo ya chini yawe fonti hiyohiyo. Sikubishana, nilimchapia kipande kwa ukubwa halisi. Ile a ndogo ni duara lenye kijiti ubavuni, na kwa udogo ule kijiti kilimezwa. "Dada" ikasomeka "dodo". Alicheka, tukaweka fonti ya kawaida.