Sarufi kwenye beseni la maandazi

Shuleni "much" na "many" za Kiingereza, zote zikimaanisha "-ingi", zilinipiga chenga miaka yote. Juzi nimepata kijitabu cha Kiingereza cha biashara ndogondogo: maandazi, sabuni ya maji, kuku wa kienyeji. Kwenye maandazi wameandika "how much flour", mstari wa chini yake "how many eggs". Nikatazama beseni langu. Kumbe! Mayai nayahesabu moja moja, unga naupima kwa kilo.

Ila "money", yaani pesa, nayo wanaipa "much", eti haihesabiki. Mimi ninayehesabu sarafu za mia mia kila jioni!

Leo nipo ukurasa wa kuku. Wakiwa bandani ni "many chickens", wakishaingia sufuriani wanageuka "much chicken". Nimecheka peke yangu mpaka mafuta yakaanza kuungua.