Breki ya Diski Isiyoshika: Nilivyoitafuta Nguvu Iliyokuwa Ikipotea kwenye Gokati

Kazi yangu ya kila siku hapa Wete ni kutengeneza jenereta na pampu za maji, kwa hiyo mpwa wangu aliponiletea gokati, kigari kidogo cha wazi cha magurudumu manne, aliyoiunda na wenzake, nilitarajia kuulizwa habari za mashine. Mashine haikuwa na neno. Ilikuwa ni ile ya pampu ya maji, ya nguvu farasi 6.5, na iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Shida ilikuwa breki. Kigari kina breki moja tu, ya diski, iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma inayozungusha magurudumu yote mawili kwa pamoja, na breki hiyo haitumii mafuta: ukikanyaga pedali, waya unavuta mkono wa kalipa, yaani kibano kinachoikamata diski, gololi zilizomo ndani ya kalipa zinapanda vijimteremko vyake, na pedi inasukumwa kuibana diski.

Kwenye uwanja tambarare vijana hawakuwa na wasiwasi nayo, kwa kuwa ukiachia petroli kigari hupungua mwendo chenyewe. Lakini Pemba si tambarare kama Unguja, na njia za Wete zinateremka kuelekea bandarini. Katika mteremko, pedali ilikwenda mpaka chini na kigari kikaendelea na safari yake. "Mjomba, tumekaza mpaka basi, bado haishiki," aliniambia, na tayari alikuwa ameshapiga hesabu ya kuagiza kalipa kubwa zaidi ije na boti. Nilimwambia asubiri. Katika breki ya mafuta, nguvu ya mguu hufika kwenye pedi bila kupungua sana njiani. Katika breki ya waya kila kiungo kinachukua ushuru wake, na kalipa kubwa haitakurudishia kilichokwishatozwa kabla hakijaifikia. Niliamua kuanza kwenye diski na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye mguu, kila hatua nikiipima peke yake.

Kabla ya hapo nilitaka kuhakikisha kwamba breki haishindani na mashine. Klachi ya gokati kama hii, inayounganisha mashine na magurudumu, hushika yenyewe mizunguko ya mashine inapopanda, nyingi zikianza kushika karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika, na mashine iliyoachwa ingurume bila kukanyagwa inatakiwa iwe chini ya hapo kwa nafasi ya kutosha. Nilikiinua kigari nyuma juu ya magogo mawili, nikaiwasha mashine na kuiacha. Magurudumu yalitulia. Hapo hapakuwa na tatizo.

Nikaizima mashine, nikafungua waya kutoka kwenye mkono wa kalipa, na nikauzungusha mkono huo kwa spana ndefu huku kijana akijaribu kuzungusha gurudumu. Huu ndio mtihani ambao ningemshauri kila mtu aanze nao, kwa sababu unatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ikiwa diski inakamatwa barabara kwa spana, basi kalipa na pedi ni nzima na ugonjwa uko kwenye waya au pedali. Ikiwa haikamatwi, usihangaike na waya kwanza. Kwetu sisi gurudumu lilizunguka kwa uzito, lakini lilizunguka, nami nikajua kwamba tuna maradhi pande zote mbili.

Pedi zilipotoka hazikuhitaji maelezo marefu. Uso wake ulikuwa mweusi unaong'aa, na nilipoupitisha ukucha ulitoka na utando wa grisi. Mnyororo unapita karibu na diski, na vijana walikuwa wakiupaka oili kwa ukarimu mkubwa. Unapozunguka kwa kasi, oili ile inarushwa pande zote. Pedi iliyokwishanywa oili hairudi kuwa pedi. Wako wanaoichoma moto na wanaoisugua kwa msasa, na kwa siku chache huonekana imepona, kisha joto la breki linaitoa oili iliyojificha ndani na mambo yanarudi yalipokuwa. Tulinunua mpya. Diski yenyewe, kwa kuwa ni chuma kitupu, tuliisafisha kwa spiriti na kitambaa safi, tukaikwaruza kidogo kwa msasa mwembamba, na kati yake na mnyororo tukachomelea kipande cha bati kama kinga. Vumbi la pedi za zamani tulilifuta kwa kitambaa chenye maji. Si jambo la kulipuliza kwa mdomo, maana huwezi kujua limetengenezwa kwa kitu gani.

Kalipa za namna hii zina jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Pedi inayosogea ni moja tu; ya upande wa pili imetulia, na inasogezwa kwa skrubu. Ile iliyotulia ikiwa mbali na diski, pedi inayosogea italazimika kuipinda diski mpaka ikutane na mwenzake, na nguvu yote inayotumika kupinda chuma si nguvu ya kusimamisha gari. Tuliikaribisha ile iliyotulia hadi ikabaki nafasi ya kupita karatasi nene tu, lakini diski ikaanza kugusa na kuachia, kugusa na kuachia, ishara kwamba inayumba. Nilishikilia penseli juu ya fremu, ncha yake ikikaribia uso wa diski, na tukaizungusha ekseli polepole tukitazama inapokwaruza. Diski haikuwa imepinda. Chini yake, pale inapokaa kwenye kishikio cha ekseli, palikuwa na magamba ya kutu. Hewa yetu ya chumvi haichagui. Tuliyakwangua kwa tupa, tukaifunga diski upya kwa kukaza boliti kwa mpishano, na mkwaruzo wa penseli ukawa karibu sawa pande zote.

Tulirudia mtihani wa spana, na safari hii gurudumu halikusogea hata kijana alipoliegemea kwa mwili mzima. Yeye alidhani kazi imekwisha. Tuliurudisha waya, akakanyaga, na breki ikawa dhaifu kama jana, jambo lililonifurahisha kuliko lilivyomfurahisha yeye, kwa sababu sasa nilijua kwa yakini kwamba hasara iliyobaki yote iko kati ya pedali na kalipa.

Waya wenyewe ulikuwa wa baiskeli, umepitishwa ndani ya kava tangu kwenye pedali hadi nyuma, na njiani ulikuwa umekunjwa kuizunguka tangi na kisha kurudi chini ya kiti. Nilimwambia akanyage taratibu huku mimi nimeweka kidole juu ya kona ile ya kava karibu na tangi. Kava liliinuka na kukisukuma kidole changu, likajaribu kunyooka kama nyoka aliyeguswa mkia, na wakati wote huo mkono wa kalipa haukuwa umesogea hata kidogo. Akikanyaga zaidi kava lilijibana, hasa mwishoni kabisa, ambapo lilikuwa limekatwa kwa koleo bila kusawazishwa, waya wake wa mzunguko ukiwa umepondeka na hauna kikofia cha chuma. Kipande cha mbele, kwa ajabu, hakikuwa hata kava la breki. Kilikuwa kava la gia, ambalo nyaya zake zimelala kwa urefu wala hazizunguki, na ambalo chini ya mvuto mkubwa wa breki linaweza kupasuka. Kwa mtu anayechunguza breki ya waya, dakika moja ya kutazama kava wakati mwenzake anakanyaga ina faida kuliko mchana mzima wa kukaza nati.

Tungeweza kuweka kava zuri na kupunguza kona, lakini kalipa ya gokati haihami mahali pake kama gurudumu la mbele la baiskeli linavyogeuka, kwa hiyo sikuona sababu ya kuwa na kava hata kidogo. Tulichukua fimbo ya chuma ya milimita 6, tukaikata hesi ncha zote mbili, na kuinyoosha moja kwa moja kutoka kwenye pedali hadi kwenye mkono wa kalipa chini ya fremu, kila upande ukiwa na nati ya kurekebishia na nati ya kuifunga. Fimbo haivutiki wala haina kona ya kunyooka. Pembeni yake tulipitisha waya wa pikipiki, umelegea kidogo, ili fimbo ikikatika waya ushike kazi. Hilo si wazo langu: kanuni za kimataifa za mashindano ya gokati zinataka kiungo cha kutoka pedali hadi breki kiwe maradufu, na kama ni waya, unene wake usipungue milimita 1.8. Waya wa breki wa baiskeli kwa kawaida ni milimita 1.5 au 1.6.

Ikabaki pembe. Mkono wa kalipa unatoa nguvu yake yote pale tu unapokuwa wima dhidi ya kinachouvuta, yaani nyuzi 90. Ukivutwa kwa nyuzi 45 unabakiwa na kama asilimia 70, na kwa nyuzi 30 ni nusu. Vijana walikuwa wameuweka vizuri kabisa kwa macho, nyuzi 90 kigari kikiwa kimesimama na breki imeachiwa. Lakini kinachotakiwa ni nyuzi 90 wakati pedi zinabana. Kwenye kalipa hii mkono umekaa juu ya meno, kwa hiyo tuliuchomoa, tukaurudisha nyuma, na sasa unafika wima wakati mguu umeshalemea.

Kwenye pedali, mguu ulikuwa ukikanyaga sentimita 20 kutoka kwenye egemeo, na waya ulifungwa sentimita 10 kutoka hapo hapo. Maana yake nguvu ilizidishwa mara mbili tu: mguu wa kilo 20 ulivuta kilo 40. Tulitoboa tundu jipya sentimita 4 kutoka kwenye egemeo, na mguu ule ule ukavuta kilo 100. Lakini kitu hiki hakiji bure. Pedali ikishuka sentimita 10, zamani ilivuta sentimita 5. Sasa inavuta 2. Mlegeo wowote uliobaki, wa diski inayoyumba, wa pedi iliyo mbali, wa kava linalojibana, unakula zile sentimita 2 kabla breki haijaanza. Ndiyo sababu nisingethubutu kuligusa tundu la pedali mwanzoni. Angefanya hivyo mtu kwenye kigari kile kilivyoletwa, pedali ingefika chini na pedi hazijaigusa diski.

Pedi mpya na diski iliyosuguliwa zinahitaji kuzoeana. Tulikwenda uwanjani asubuhi, kijana akawa anakimbia mwendo wa kiasi na kukanyaga polepole mpaka kigari kikaribie kusimama, bila kusimama kabisa, kisha anaachia diski ipoe. Mwanzoni haikuwa na maajabu, kisha ikawa inauma zaidi kila mara. Tulipochora mstari wa chokaa na kumtaka akanyage kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yalifunga na kuacha michirizi miwili kwenye vumbi. Akataka kujua kama sasa kalipa kubwa ingeongeza kitu. Haiongezi. Magurudumu yakishafunga, mpaka uko kwenye tairi, na kigari chenye breki nyuma peke yake kina mpaka wa karibu, kwa sababu ukikanyaga uzito unahamia mbele na tairi za nyuma zinabaki nyepesi. Nilimfundisha akanyage hadi kabla tu ya kufunga, na aelewe kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, masafa ya kusimama yanaongezeka mara nne.

Msimu wa karafuu ulipofika alikuja na ombi jipya: kufunga kitoroli nyuma, apakie magunia na kuyateremsha hadi mjini, maadamu breki imepona. Nilikataa, na bado nakataa. Kitoroli kisicho na breki yake kitakisukuma kigari mteremkoni, na tairi mbili za nyuma ambazo tayari zimefika kwenye mpaka wao haziwezi kubeba deni la mzigo usio wao. Kama anautaka mzigo huo, atengeneze kwanza breki za mbele, na kwa kuwa magurudumu ya mbele yanageuka, hapo ndipo ningemshauri aiache fimbo na waya, anunue breki za mafuta.