Dada yangu ameigusa sanamu

Leo dada yangu, ambaye haoni, ameshika sanamu ndani ya makumbusho. Ni nakala iliyowekwa makusudi iguswe, na maelezo ya Breli (maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole) pembeni. Alipapasa mikunjo ya vazi taratibu, kisha akaniuliza mbona kidole kimoja kimevunjika. Mimi mwenye macho sikuwa nimekiona! Furaha yake imenitoa machozi.

Na wanaodai majengo ya kale hayawezi kurekebishwa, watazame Acropolis, kilima chenye mahekalu ya kale jijini Athens, Ugiriki: tangu Desemba 2020 ina lifti mpya kwa wanaotumia viti vya magurudumu. Hii ni haki (Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ibara ya 30, unayataja makumbusho waziwazi). Tumeshauliza mapokezi vyumba vingine vitawekewa nakala lini.