T. A., Muungwana

Kijitabu chenyewe, maelezo ya karne ya 17 kuhusu Carolina, koloni la Waingereza huko Amerika Kaskazini, kilikuwa cha tano kati ya kumi na kimoja vilivyoshonwa pamoja ndani ya jalada moja la ngozi ya ndama. Watu wa karne ya 17 hawakuwa na desturi ya kujalidi vijitabu kimoja kimoja. Walivinunua vikiwa vimetungwa uzi ubavuni, bila gamba, vikarundikana kabatini, na siku moja mwenyewe au mrithi wake akavipeleka vyote kwa mjalidi vifanywe kitabu kimoja. Hapo ndipo madhara huanzia. Mjalidi anataka kingo zilingane, kwa hiyo vikubwa hukatwa vifuate vidogo, na kisu hakijui kusoma. Hiki cha tano kilikatwa chini. Kisu kilipita juu ya mstari wa mwisho wa ukurasa wa jina, tarakimu za mwaka zikabaki vichwa tu.

Ilikuwa Novemba 2006, London, katika maktaba niliyokuwa nikijifunza kazi ya kuorodhesha vitabu vya kale. Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Unguja aliyeishi huko miaka mingi. Sote tulimwita Maalim, hata wasiojua Kiswahili. Asubuhi ile nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea kitabu mezani na kuniambia neno moja: "Anza."

Kitabu cha namna hiyo hakifunuliwi hadi kilale bapa, maana mgongo utapasuka. Huwekwa juu ya vipande viwili vya sponji vilivyoinama kuelekeana, kikafunguka kiasi cha herufi V, na kurasa zikashikwa na "nyoka", yaani utepe wa kitambaa uliojazwa shanga za risasi. Mikono iwe imeoshwa na kukaushwa. Glovu hatuvai, kwani kidole kilichofunikwa hakisikii karatasi inapoanza kuchanika. Wino haukaribishwi mezani, ni penseli tu. Na kidole hakilambwi katu.

Nikaanza na umbo. Kila laha ya zamani ilitengenezwa kwa kuchota uji wa matambara kwa chekecheke la nyaya, na nyaya zile ziliacha alama zinazoonekana ukiimulika karatasi kwa nyuma: mistari myembamba iliyosongamana, na mingine mizito iliyoachana kiasi cha sentimita mbili na nusu. Hiyo mizito ndiyo ya kutazama. Laha ikikunjwa mara mbili hutoa karatasi nne, yaani kurasa nane, na mistari mizito hulala kwa upana, huku alama ya maji ikianguka katikati ya mkunjo, nusu huku na nusu huku. Ikikunjwa mara tatu hutoa karatasi nane, mistari husimama, na alama ya maji huhamia juu, karibu na mshono. Changu kililaza mistari. Basi ni laha za mikunjo miwili, umbo la kawaida la vijitabu vya mwaka 1682 na miaka ya jirani. Anayepima kwa rula peke yake hukosea, kwa sababu kisu cha mjalidi kimekwisha kubadili vipimo.

Halafu herufi za chini. Mchapaji alitia A, B, C chini ya kurasa za mwanzo za kila mkunjo, yaani kila laha iliyokwisha kukunjwa, ili mshonaji asichanganye. Alfabeti yao ya kazini ilikuwa ya herufi 23. J, U na W hazimo, na mwanafunzi asiyeambiwa hilo hudhani mikunjo imepotea. Chini ya kila ukurasa, pembeni kulia, huwa pana neno pweke ambalo ndilo la kwanza la ukurasa unaofuata. Nikayafuatisha yote kwa ncha ya penseli bila kugusa. Kila neno lilipokelewa na mwenzake, kwa hiyo hapakuwa na karatasi iliyokosekana.

Kosa nililifanya kwenye jina. Ukurasa wa kwanza unasema ni maelezo ya hali ya sasa ya Carolina na uzuri wa asili yake, yaliyotolewa na "T. A. Gent." (kifupi cha *gentleman*), karani katika manowari ya Mfalme iitwayo Richmond, iliyotumwa mwaka 1680 ikiwa na maagizo maalumu ya kuchunguza nchi ile, na kurudi "mwaka huu, 1682". Pembeni mwa herufi zile mbili palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko mzuri wa karne ya 19: Thomas Amy. Nikaandika Amy kwenye kadi na kuendelea.

Maalim alirudi, akaisoma kadi akiwa amesimama. "Nani kakwambia?"

"Pameandikwa hapa, Maalim."

"Na huyo aliyeandika, nani kamwambia?"

Sikuwa na jibu. Akavuta kiti, akanieleza jinsi jina la kubahatisha linavyogeuka kuwa la hakika. Muuza vitabu anakisia, anaandika kwa penseli ili bei ipande. Maktaba inanunua, karani anainakili penseli kwenye orodha. Mtunga kamusi ya waandishi waliojificha anaipekua orodha na kulichukua jina. Maktaba nyingine inaifungua kamusi, nayo inaandika. Baada ya miaka mia unakuta mashahidi wanne wanaokubaliana, na wote ni mtu mmoja. Kwa hiyo jina lolote lisilo ndani ya maandishi yenyewe huingizwa katika mabano ya mraba, na kando yake huandikwa limetoka wapi.

Kisha akanitaka nipime. Alikuwako kweli Thomas Amy, mtu wa London, ambaye baadaye aliingia katika orodha ya Mabwana Wamiliki wa Carolina, yaani wenye koloni lile. Herufi zinamfaa. Lakini ukurasa unasema karani wa manowari, aliyekwenda na kurudi. Kwa hiyo swali halikuwa nani ana T na A. Lilikuwa iwapo aliyeandika maneno yale alipanda meli ile.

"Hesabu sisi yake," akasema. Alimaanisha nitafute kila mahali mwandishi anaposema "sisi" au "yetu", nione kama lile "sisi" linabeba kitu alichokiona kwa macho au ni pambo tu. Nilimaliza alasiri nzima hapo. Maandishi ya aina hii huwa na namna yake ya kusifu: hewa safi, udongo mweusi, matunda ya kila aina, ardhi kwa yeyote ajaye. Sehemu hizo hazithibitishi kitu, maana mtu wa London aliweza kuzikusanya kutoka vijitabu vya wenzake bila kutoka nje ya mkahawa. Mwaka uleule wa 1682 vilitoka vingine viwili vya kuisifu Carolina, kimoja cha Samuel Wilson na kimoja cha mtu aliyejiita R. F. tu, na ukivisoma kwa pamoja unasikia maneno yakipokezana.

Nikafika kwenye viwavi wa hariri. Manowari ile ilichukua kundi la Waprotestanti wa Ufaransa, wajuzi wa hariri, divai na mafuta, waende kuanzisha kazi hizo Carolina. Walibeba mayai ya viwavi. Mwandishi anaeleza kwamba mayai yalianguliwa baharini, "kabla hatujaifikia nchi kavu", na viwavi wakafa kwa kukosa chakula. Kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi, na kwenye bahari ya Atlantiki mforosadi hakuna. Huenda joto la safari liliwahisha mayai, basi.

Nilimpelekea Maalim sentensi ile. Aliisoma mara mbili. Akasema kwamba hii mtu wa kuuza ardhi hasemi. Biashara ya hariri ilikuwa tumaini kubwa la koloni, na huyu anakiri imeharibika kabla ya kuteremka, tena anataja wakati wake: kabla ya kuifikia nchi. Aliyekaa London angeandika kwamba Wafaransa wameleta mayai, akaishia hapo. Tangu siku ile hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa kila msafiri asiye na jina: namtafutia mahali anaposema jambo linaloidhuru hoja yake mwenyewe. Kipimo hiki kina mpaka wake, kwa sababu stadi wa uongo naye hutia dosari ndogo ili aaminike. Lakini dosari ya kutia haina mayai yanayoanguliwa siku mbaya.

Si Carolina peke yake. Kisa kirefu cha safari ya Hernando de Soto, Mhispania aliyezunguka kusini-mashariki ya Amerika Kaskazini, kilichapwa Évora, Ureno, mwaka 1557, na mwandishi wake tunamjua kwa kuitwa muungwana wa Elvas, mji wa Ureno, basi. Historia ya Virginia ya mwaka 1705 ilitoka London ikisema tu kwamba mwandishi ni mzaliwa na mkazi wa mahali penyewe. Alikuwa Robert Beverley. Mwaka 1735 kikatoka kijitabu cha safari ya Georgia cha "kijana muungwana". Na sisi wa pwani tunaye wetu: aliyeandika safari ya kwanza ya Vasco da Gama, ambaye maandishi yake yalikaa Ureno hadi yakachapwa mwaka 1838. Hana jina kwenye karatasi yake, lakini "sisi" yake imeshiba. Alipofika Mombasa, Aprili 1498, anataja zawadi zilizoletwa melini: kondoo, machungwa, ndimu, miwa.

Jioni tulizungumza juu ya lile "Gent." lenyewe. Nilitaka kuandika "bwana" kwenye maelezo yangu ya Kiswahili. Maalim akakataa. Kwao Gent. ilikuwa daraja, chini ya *esquire*, ya mtu asiyeishi kwa kazi ya mikono. Kwetu neno la karibu ni muungwana, na muungwana wa pwani kwanza ni mtu huru, asiye mtumwa, ndipo inafuata adabu. Alilitamka polepole, maana Carolina hiyo inayosifiwa iliingiza watumwa tangu miaka yake ya mwanzo, na neno lile moja la ukurasa wa jina liliwaweka nje kabla msomaji hajafungua. Likabaki muungwana.

Kwa nini alijificha, ukurasa hausemi, ila mazingira yanajulikana. Muungwana hakupenda kuonekana anauza maneno. Karani wa Mfalme alikuwa na wakubwa. Na sheria ya leseni za uchapaji ilikuwa imekoma mwaka 1679, ikarudishwa 1685, kwa hiyo katikati hapo vijitabu vilitoka kwa wingi bila kupita kwa mkaguzi. Mlipaji wa gharama naye ni herufi mbili: kimechapwa "kwa ajili ya W. C.". Mtu pekee kwenye ukurasa ule anayetajwa kwa jina la ukoo, na mahali pa kumpata, ni mwanamke: kinauzwa na Bi Grover, Pelican Court, Little Britain, mtaa wa London. Wanaume wawili wamejifunika, na aliyesimama dukani mbele ya wateja ni yeye.

Mwaka uliokatwa haukuwa tatizo tena. Jina refu la kijitabu linasema meli ilirudi mwaka huu, 1682, na vichwa vya tarakimu vilivyobaki havikupingana nalo. Palihitajika tahadhari moja: Uingereza ya wakati ule ilianza mwaka wake Machi 25, kwa hiyo 1682 yao inafika hadi Machi 24 ya 1683 yetu.

Kadi ya pili niliiandika hivi: A., T.; mabano ya mraba, Ash, Thomas, ambaye wataalamu wengi humtaja kuwa ndiye karani huyo; laha za mikunjo miwili; ukurasa wa jina umekatwa chini, mwaka umechukuliwa kutoka kwenye jina la kijitabu; penseli ya karne ya 19 inasema Amy, haikukubaliwa. Nikauliza kama niifute ile penseli.

"Usiifute, mwanangu," Maalim akasema. "Na yeye ni msomaji."

Akaondoa nyoka, akafunga jalada kwa utepe wa pamba, fundo likakaa kwenye ukingo wa mbele lisije likaukwaruza mgongo. Cha sita, nilichokifungua kesho yake, hakikuwa na ukurasa wa jina kabisa.