Nilivyovuta uzi wa fuwele mpaka ukatoa leza

Uzi wangu wa kwanza ulitoka na pingili kama muwa. Unene wake ulikuwa thuluthi moja ya milimita, unameremeta, na kwa macho matupu ungeapa kwamba umenyooka. Chini ya hadubini ndipo ubaya wake ulipoonekana: unanenepa, unakonda, unanenepa tena. Mwanga ukipita katika uzi wa namna hiyo huvujia pembeni kila penye kinundu.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika maabara moja Marekani, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza leza ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, yenye nguvu kubwa kwa uzi wa fuwele badala ya kioo. Faiba za kioo tunazijua sote. Ndizo zilizolazwa chini ya bahari zikafika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Leza nyingi za viwandani nazo hutumia faiba hizo. Ila nguvu ikizidi, kioo kinashindwa. Hakipitishi joto vizuri, na mwanga mkali wa rangi moja safi hukitikisa kwa ndani, mtikisiko huo ukaurudisha mwanga ulikotoka. Wanafizikia huuita mtawanyiko wa Brillouin. Fuwele ya YAG, yenye itriamu, alumini na oksijeni, hupitisha joto takriban mara 7 kuliko kioo cha silika, na mtawanyiko huo kwake ni mdogo mno.

Lakini fuwele haivutwi kama kioo. Kioo kikipashwa moto hulainika taratibu kama asali. Fuwele ama ni ngumu ama imeyeyuka, hakuna katikati. Kwa hiyo uzi wake hukuzwa. Nilitumia njia iliyoendelezwa Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1980 na kina Robert Feigelson, Martin Fejer na Robert Byer. Unasimamisha kijiti cha YAG chenye unene wa milimita 1, unayeyusha ncha yake kwa leza ya kabonidayoksaidi inayoizunguka pande zote, joto likipita nyuzi 1,900 za Selsiasi. Unashusha mbegu, yaani kipande kidogo cha fuwele, iguse tone, kisha unaipandisha. Kinachoganda nyuma yake ndio uzi. Huku chini kijiti kinapanda polepole kulilisha tone, na juu uzi unavutwa kwa kasi mara 9 ya hiyo. Ndivyo unene unavyopungua mara 3.

Karibu mwezi mzima nilishuku leza ya kuyeyushia, nikadhani nguvu yake inayumba. Mwishowe niliupima uzi kila nusu milimita na kuchora grafu. Vinundu vilijirudia kila baada ya milimita 9. Nikaitazama ile namba kwa muda mrefu. Skrubu zote mbili, ya kuvutia na ya kulishia, husogea milimita 1 kwa mzunguko. Kosa lingekuwa la skrubu ya juu, vinundu vingekuja kila milimita 1. Milimita 9 za uzi ni milimita 1 ya kijiti, yaani mzunguko mmoja kamili wa skrubu ya chini! Nilipoifungua nilikuta kiungio cha mota kimekaa upande, kidogo kiasi kwamba kidole hakikuhisi. Nilikibadilisha siku ileile.

Vikabaki vinundu vidogo visivyo na mpangilio. Hivyo vililetwa na upepo wa kiyoyozi kulitikisa tone. Sanduku la plastiki lilivimaliza.

Uzi wa leza yenyewe niliuvuta kutoka kwenye kijiti kilichotiwa iterbiamu, metali inayokunywa mwanga na kuutoa kama leza, nikang'arisha ncha zake kwa unga wa almasi. Niliupiga mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 ili utoe wa 1,030. Yote miwili haionekani kwa macho, kwa hiyo nilikuwa nimevaa miwani ya kinga na kushika kadi inayong'aa infraredi ikiigusa. Doa dogo lilipotokea kwenye kadi, mikono ilinitetemeka.

Nikaongeza nguvu. Leza ilipanda, ikasita, ikaanza kushuka. Kila mwanga wa 940 unapogeuka kuwa wa 1,030, kama asilimia 9 ya nishati hubaki ndani kama joto, na fuwele yenye iterbiamu ikipata moto huanza kunywa mwanga wake yenyewe. Ili upoe, niliubana uzi kwenye shaba nyekundu, mwanga ukavuja pale shaba ilipougusa. Kilichonifaa ni maji: niliupitisha uzi katikati ya bomba jembamba, maji baridi yakauzunguka mwili wote. Maji hupinda mwanga kidogo kuliko YAG, kwa hiyo mwanga uliendelea kuakisiwa ndani ya uzi kana kwamba maji hayapo. Safari hii mstari wa grafu ulipanda bila kupinda hadi chanzo changu cha mwanga wa 940 kilipofika kikomo.

Sasa navuta nyuzi zenye holmiamu, metali nyingine ya kutolea leza, ambayo mwanga wake una urefu wa wimbi wa mikromita 2.1. Skrubu ya chini naikagua kila Jumatatu kabla sijawasha chochote.